Bendeji Kumi na Mbili, Moja Imechanika

Wajukuu zangu mnaosomea ushauri nasaha, juzi mlipokuja hapa Mukendo kunisalimia, mmoja wenu aliniuliza kwa adabu kabisa kama ni kweli kwamba enzi za Mwingereza tulikuwa tunawafunga kamba watu waliochanganyikiwa. Nilicheka, nikanywa chai yangu, nikawapa jibu fupi kwa sababu mlikuwa na haraka ya basi. Mlipoondoka nikakasirika. Nikasema, hawa watoto wanadhani kazi ya kumsikiliza mtu ilishuka nchini pamoja na vyeti vyao. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Someni polepole, maana mkono wangu unatetemeka na sina nguvu ya kuandika mara mbili.

Mimi nilikuwa dresa. Dresa alikuwa mtu wa kusafisha vidonda, kugawa kwinini, kupima haluli ya kufungulia tumbo, kuchoma sindano akiruhusiwa, na kuandika kila kitu kwenye daftari. Kazi ya roho za watu haikuwemo kwenye mafunzo. Hiyo nilifundishwa nyuma ya jengo, kwenye sufuria la kuchemshia bendeji.

Zamani zile bendeji haikutupwa. Ninyi mnafungua pakiti mpya, mnafunga, kesho mnatupa kama ganda la ndizi. Kwetu bendeji ilivuliwa kwenye kidonda, ikafuliwa kwa sabuni, ikachemshwa, ikaanikwa, kisha ikakunjwa upya kwa mkono, na mgonjwa mwingine akaivaa. Hospitalini Musoma mkuu wa kazi hiyo alikuwa Bi Zuhura, mama mtu mzima wa pale mjini, baba yake Mmanyema na mama yake wa makabila matatu kwa hesabu yake mwenyewe. Hakujua kusoma hata jina lake. Lakini wagonjwa walioanza kupata nafuu walikwenda kukaa naye kule nyuma, wakikunja bendeji, na mambo waliyomwambia mama yule daktari hakuwahi kuyasikia.

Nilimwuliza anawapa nini. Akaniangalia kama anayemtazama kuku aliyeingia msikitini. Akasema, "Anayekunja bendeji hatazamwi usoni. Mtu ukimkazia macho anakwambia unachotaka wewe. Mpe kazi ya mikono, na wewe tazama kazi yako, halafu nyamaza mpaka uone haya."

Nyamaza mpaka uone haya. Kama mtasahau yote niliyoandika humu, hilo moja bakini nalo.

Mimi sikulielewa siku ile, kwa sababu nilikuwa kijana na nilikuwa nimevaa koti jeupe. Kulikuwa na mjane mmoja wa Kigera, kila Jumatatu alikuja na kichwa kinamwuma. Nikampa aspirini, nikamwuliza amelalaje, nikaita anayefuata. Miezi mitatu ikaenda hivyo. Siku moja akaja na kopo tupu la maziwa, akaliweka mezani, akalifunua. Aspirini zote zimo. Akaniambia kwa upole kwamba ananirudishia dawa zangu maana nyingine zimeanza kuota ukungu. Nikamwuliza basi alikuwa anafuata nini kwa mwendo wote ule. Akasema, "Wewe ndiye mtu pekee unaniulizaga nimelalaje."

Bi Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimemtibu mwanamke yule miezi mitatu bila kujua, na dawa niliyokuwa najivunia haikuhusika.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu, na linaanza na kosa langu. Baada ya mafunzo nilipelekwa kushika zahanati ndogo ya Bunda. Bunda yenyewe ilikuwa maduka machache na vumbi. Nilikuwa peke yangu na baiskeli, kabati la dawa, na daktari wa wilaya aliyekuja kunikagua mwisho wa mwezi, mara moja kila miezi miwili mitatu. Mzungu huyo watu walimwita Bwana Taratibu, kwa kuwa neno hilo alilisema kwa kila kitu, hata akimfukuza mbuzi barazani. Hakuwa mtu mbaya. Ila aliamini kilichoandikwa kuliko kilichosimama mbele yake.

Vita ya pili ilikuwa imekwisha miaka kama minne hivi. Askari wetu waliokwenda Burma walikuwa wamerudi na makoti yao, na nchi ikadhani mambo yameishia hapo. Asubuhi moja ya masika akaingia mama mmoja, Rebeka, akiwa amembeba binti yake wa miaka sita, mkono wa mtoto umevunjika. Nyuma yao akasimama mumewe mlangoni, hataki kuingia. Huyo ndiye Koplo Masatu. Alikuwa mtu wa vijiji vya ufukweni kule Majita, watu wa wavu na muhogo, Wakristo wazuri, lakini aliporudi vitani alihamia Kabasa kwa ukoo wa mkewe. Harufu ya gongo iliniingia puani kabla ya yeye kunisalimia.

Niliufunga mkono wa mtoto kwa vibao huku Rebeka akinieleza. Radi ilikuwa imepiga karibu na nyumba. Masatu alimrukia binti yake akamlaza chini na kumfunika kwa mwili wake, akimlinda na mabomu ambayo hayakuwepo. Mkono wa mtoto ukabaki chini ya goti la baba yake. Alipozinduka akaona alichofanya, akaenda kunywa siku mbili.

"Asubuhi anakuwaga mtu mzuri kabisa," Rebeka akasema. "Analima, anacheka na mtoto. Jua likikaa juu ndio anaanza. Maji hanywi, Dresa. Mwaka wa nne sasa, ukimpa maji kwenye kata anaweka chini. Ni gongo na uji tu."

Nikaitikia, nikaendelea kufunga. Akaniambia pia kwamba kaka zake wamemchoka shemeji yao, wanataka arudi nyumbani na mtoto, na wanasema mtu yule ni wa kupelekwa Dodoma. Siku zile ukisikia mtu amepelekwa Dodoma ulijua ni hospitali ya wenye wazimu, na pale kwetu hatukumjua hata mmoja aliyewahi kurudi kutusimulia. Alichotaka Rebeka ni dawa ya kumwachisha pombe, basi.

Walipoondoka nikafungua taarifa ya mwezi. Karatasi ile ilikuwa na vyumba: homa, kuhara, vidonda, macho, kikohozi, kichaa, mengineyo. Mtoto nikamweka kwenye vidonda. Baba yake nikafikiri kidogo tu, kama mtu anayechagua kiazi, nikamwandika kwenye kichaa. Nikaipeleka posta. Nikala ugali wangu na furu, samaki wadogo wa ziwani, nikalala vizuri.

Wiki mbili baadaye likaja jibu la Bwana Taratibu. Alisema amemwona yule kichaa mmoja kwenye taarifa yangu, na kwamba akija mwisho wa mwezi ujao atampima, na kama ni kweli atatia sahihi karatasi za Dodoma. Nilikaa chini. Ndani ya karatasi ileile kulikuwa na chumba cha mengineyo, kitupu, kinaningoja. Mtu mzima mwenye mke na mtoto alikuwa anakwenda kupotea kwa sababu mimi nilikuwa na njaa nikaandika haraka.

Rebeka alipopata habari alikuja peke yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Niliomba dawa, Dresa. Sikuomba Dodoma." Nilitamani anitukane.

Nilikuwa na mwezi mmoja na siku chache. Nikaanza na ujinga wangu wote, mmoja baada ya mwingine. Kwanza nikamhubiria. Nikamweleza Masatu madhara ya pombe kwenye ini mpaka nikaishiwa mate. Akasikiliza kwa heshima yote, akaniambia nimesema vizuri, akaenda kunywa. Pili nikampa Rebeka dawa ya kutapisha aichanganye kwenye gongo. Masatu akatapika kweli, tena sana, halafu akamwambia mkewe kwamba sasa nafasi imepatikana. Tatu nikamwambia asiguse hata tone kuanzia siku ile. Namshukuru Mungu hakunitii, kwa sababu siku chache baadaye nilimwona mlevi mwingine aliyeachishwa ghafla namna hiyo, akaanguka na degedege kama mtoto. Mtu aliyezama miaka minne humvuti kwa mara moja. Unampunguzia leo kidogo, kesho kidogo, huku unamjaza uji wenye sukari na chumvi, na unakuwa karibu.

Nilipoishiwa akili zangu ndipo nikakumbuka za Bi Zuhura. Mtoto alihitaji kuja kuangaliwa mkono. Nikamwambia Masatu amlete yeye kila asubuhi, saa zile anazokuwa mtu mzuri, na akishamfikisha anisaidie bendeji maana nina kazi nyingi. Uongo, kazi sikuwa nayo. Nilizifua hata bendeji safi.

Tulikaa kwenye benchi barazani, mtoto kati yetu, sufuria mbele yetu. Siku ya kwanza hakusema kitu. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu akasema jua kali. Mimi nikatazama bendeji zangu nikanyamaza, na haya niliiona mapema sana kuliko Bi Zuhura alivyoahidi. Lakini mikono yake ilinifurahisha. Alikunja bendeji kijeshi, imebana, kingo sawasawa, ungeweza kuisimamisha mezani. Mikono ilimtetemeka akianza, na kadiri alivyokunja ikatulia. Gongo likaanza kusogea, kutoka saa sita mpaka saa nane, kutoka saa nane mpaka alasiri. Rebeka alikuja kunipa habari hizo kwa kunong'ona kana kwamba sauti ingeziharibu.

Siku ya tisa au ya kumi nilikuwa ndani nikipanga kabati. Nilitaka kujua amefikisha ngapi. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani, jeshini sijafika hata langoni, lakini nilikuwa nimesikia askari wanavyotaniana, na nikaona nimtanie. Nikasema kutoka ndani kwa sauti nzito, "Koplo, ripoti."

Nikasikia benchi limegonga ukuta. Nilipotoka nilimkuta amesimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, haoni zahanati wala mimi.

"Bendeji kumi na mbili, effendi," akasema, kama anayemjibu ofisa wake. "Moja imechanika."

Nilikaribia kucheka. Kisha akaendelea kwa sauti ileile, bila kupumua.

"Askari saba, effendi. Mmoja hayupo."

Ningekuwa yule wa koti jeupe ningemwambia, pole, kaa, hayo yamepita. Nikanyamaza. Nikainua bendeji moja nikaanza kuikunja, macho yangu kwenye mikono yangu. Mtoto naye, Mungu ambariki, akaendelea kuchezea kipande chake cha kamba.

Akatoa ripoti nzima. Asiyekuwepo alikuwa Wambura, kijana wa Butiama, rafiki yake tangu siku walipoandikishwa pamoja. Walipigwa kwenye mlima, kule Burma, na Wambura akapata risasi ya tumbo. Masatu alimburuta mpaka nyuma ya gogo akakaa naye. Wambura aliomba maji. Askari wote walikuwa wamefundishwa kwamba mwenye risasi ya tumbo hapewi maji. Aliomba asubuhi, akaomba mchana, alimwomba kwa Kiswahili, kisha akamwomba kwa lugha ya kwao. Chupa ya Masatu ilikuwa imejaa, ipo kiunoni. Hakumpa. Jua lilipoanza kuteremka Wambura akaacha kuomba.

"Nilimchimbia kaburi kwa sahani ya kulia, effendi," akasema. "Mwisho wa ripoti."

Akaketi. Mimi nilikuwa nimekunja bendeji ileile mara nne.

Sasa sikilizeni kosa langu la pili, maana hili mtalifanya na ninyi, hasa mkiwa mmefurahi. Nilidhani nimemaliza. Nilimwambia amri ile ilikuwa sahihi, kwamba hata hospitalini tunafanya hivyo, na ni kweli. Akasema anajua. Nikamsindikiza njiani, nikarudi ninapiga mluzi, najiona daktari bingwa. Masatu akanywa siku tatu mfululizo, vibaya kuliko mwanzo. Kaka za Rebeka wakaja wakachukua godoro la dada yao, wakisema yeye na mtoto watafuata.

Kwenye vidonda nilijua vizuri kwamba kulitumbua jipu ni nusu ya kazi, lazima kiini kitoke. Kwa mtu huyu sikukitafuta. Alipokuja tena siku ya nne, amevimba macho, tukarudi kwenye bendeji zetu, na nikamwuliza jambo moja tu, huku nikitazama sufuria: mama yake Wambura aliambiwa nini?

Ikachukua asubuhi nzima. Barua ya serikali ilisema Wambura amepotea vitani. Karani wa mtemi alimsomea mama huyo neno hilo hilo, amepotea, na mama akajibu kwamba mbuzi wake pia hupotea na hurudi. Masatu aliporudi kutoka vitani alipita Butiama kumsalimu, kama walivyokuwa wameahidiana na rafiki yake. Mama akamkaribisha, akamwuliza mwenzio yuko wapi. Masatu akafungua mdomo kusema kweli, na kikatoka kingine.

"Nilimwambia nilimwacha mzima," akasema. "Nikamwambia anakuja na kikosi cha mwisho. Akanipa maji ninywe kwa furaha, Dresa. Nilikimbia."

Hapo ndipo nikamsikia Rebeka tena, siku ile ya kwanza, akiniambia mumewe hanywi maji. Aliniambia mwenyewe, kwa mdomo wake, nami nilikuwa nafunga vibao. Niliuliza anakunywa nini. Sikuuliza hanywi nini.

Tulikuwa na siku nane kabla ya Bwana Taratibu. Nikamwambia Masatu, twende Butiama. Akakataa. Nikamwambia mama yule anangoja mtu ambaye haji, na wewe peke yako duniani ndiye unayejua. Akakataa tena, akalia, akasema anaweza kupigana na Wajapani wote lakini si mama yule. Aliyemwamulia ni Rebeka. Alikuja na nguo za Jumapili za mumewe amezipasi, akaziweka kwenye benchi, akasema, "Ukienda ukarudi nitakuwepo. Usipoenda, kaka zangu wanakuja Jumamosi." Kisha akaenda zake sokoni. Mke wa namna hiyo anafaa kuliko madresa watatu.

Tuliondoka Bunda alfajiri kwa baiskeli, nikiendesha mimi na yeye amekaa kwenye keria, kwenye vilima anashuka tunasukuma. Nilikuwa nimebeba chupa ndogo ya gongo mfukoni, kipimo chake cha siku, kwa sababu nilikuwa nimeshajifunza. Akaniomba mara mbili njiani nikampa kidogo. Ya tatu hakuomba. Tulipofika Butiama ilikuwa alasiri, mama Wambura anaanua mtama uani. Alikuwa mwanamke mrefu, aliyeolewa akitokea upande wa Shirati, na ulimi wake bado ulikuwa na lafudhi ya kwao. Alimtambua Masatu kabla hatujashuka. Akatazama nyuma yetu barabarani kuona kama kuna mtu mwingine anakuja.

Masatu alijaribu kusema mara tatu akashindwa. Nikamsogelea nikamwambia chinichini, "Ripoti, Koplo."

Akasimama wima mbele ya mama yule uani, akatoa ripoti yote, mlima, risasi, gogo. Hakujipunguzia kitu. Mama alikuwa ameshika ungo wake, hakuuweka chini. Mimi nilitazama mtama.

"Aliomba nini?" mama akauliza.

"Maji, mama."

"Ukampa?"

"Sikumpa."

Akaweka ungo chini. Akaingia ndani. Wajukuu zangu, nimewahi kushika mishipa ya watu wanaokufa, lakini sijawahi kuogopa kama dakika zile. Nilifikiri anafuata panga. Akatoka na kata ya maji, imejaa, akamwendea Masatu akamshikisha mikononi.

"Kunywa wewe," akasema. "Minne miaka mlango wangu silazi komeo, nasema ataingia. Sasa nitalaza. Kunywa, mwanangu."

Masatu akanywa. Alikunywa yote, yakamwagika kifuani, akilia na kumeza pamoja. Ndipo mama akapiga ukunga, na Butiama yote ikasikia kwamba Wambura amekufa.

Kwao Shirati, mtu akifia mbali na mwili usirudi, huzikwa tunda la mwegea badala yake, lile tunda refu zito linaloning'inia kwenye mti wake kama mguu wa ng'ombe. Asubuhi yake mama akataka lizikwe. Shemeji zake wakakataa, mkubwa wao mzee mkali sana, wakasema si mila ya ukoo wao. Mama akawajibu kwamba mila yao ilimpa barua ya karani tu, na kwamba tumbo lililomzaa Wambura ni lake. Walibishana mpaka jua likapanda, na mimi nikiwa mgeni Mwislamu nikakaa kimya kama jiwe. Mwishowe mzee yule akatupa mikono akasema fanyeni. Masatu akachimba kaburi. Tunda likafungwa shuka, likateremshwa, na kabla ya udongo mama akampa Masatu kata ileile ya maji, akamwambia sasa mpe mwenzio. Akamimina taratibu, mpaka tone la mwisho, akizungumza naye kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia.

Nilirudi na ile chupa mfukoni ikiwa na gongo la jana. Nililimwaga kwenye kichaka karibu na Bunda na Masatu hakugeuza hata kichwa.

Msidhani alipona siku hiyo. Alitetemeka, aliteleza mara moja, na usingizi wake ulikuwa wa mang'amung'amu muda mrefu. Lakini Jumamosi kaka za Rebeka walipokuja walimkuta shemeji yao anaezeka banda, anakunywa maji kwenye kata mbele ya watu wote. Walirudisha godoro wenyewe.

Bwana Taratibu akaja mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, na mvua ikaja naye. Masatu akakaa mbele yake kwa nguo za Jumapili, binti yake pembeni, mkono umeunga vizuri. Daktari akamwuliza leo siku gani, akajibu. Akamwuliza mfalme wetu ni nani. Akasema nilimpigania, daktari, ningemsahau vipi. Hapo radi ikapiga, karibu, mabati yakalia. Nilimwona Masatu anakuwa mweupe midomoni, mikono imeshika ukingo wa benchi. Binti yake akasogea mbali kidogo, kwa uzoefu. Sote tukangoja.

Akavuta pumzi. Akasema, "Ni radi tu, daktari. Mwili ndio unaogopaga. Mimi nipo." Kisha akamgeukia mtoto akamwita, na mtoto akaja akakaa kwenye mapaja yake.

Daktari akachukua taarifa yangu ya mwezi ule, akalifuta neno nililoandika, akaniuliza huyu basi tumwekeje. Nikamwambia, mengineyo. Akasema, "Taratibu," akaandika. Mwaka huo wote zahanati yangu ilijaa mengineyo. Masatu aliniletea askari wenzake, mmoja kutoka Majita, wawili kutoka Kigera, na wengine niliacha kuhesabu. Walikaa barazani wakikunja bendeji ambazo zilishakunjwa, na mmoja wao alipokuwa tayari, Masatu ndiye aliyemwambia, ripoti. Mimi sikuwa na kazi tena hapo zaidi ya kuchemsha maji. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kitu kikubwa, na bado ninayo.

Mama Wambura alifariki miaka michache baadaye, bendera ikiwa bado ya Mwingereza. Tulikwenda Butiama kumzika, Masatu na Rebeka na mimi. Uwanja ulijaa. Tulisimama nyuma kabisa, mahali pa watu wa mbali. Mzee yule mkali, shemeji ya marehemu, ndiye aliyeongoza, sasa akitembelea fimbo. Akaita watoto wa marehemu watangulie kutia udongo. Mabinti wawili wakatoka. Mzee akangoja, akapitisha macho kwenye umati, akauliza Masatu yuko wapi.

"Nipo huku, baba," Masatu akajibu.

"Unasimamaje na wageni? Njoo umzike mama yako."

Masatu akanikabidhi kofia yake, akaenda.